Mzungu Aliyeniuliza Habari za Voi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mtacheka. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Sikuota, sikuwa na homa, na ulikuwa mchana kweupe.

Mwaka juzi nilikuja Doha kukaa na binti yangu Neema, ambaye ni nesi, kwao Al Mansoura. Alikuwa na mimba changa. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Nikamkataza kumwambia mtu, hata mchungaji, mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe. Kwetu Taita mambo hayo hayatangazwi.

Siku yake ya mapumziko akanipeleka makumbusho ya michezo, angalau tukimbie joto. Tukiwa ndani kichefuchefu kikamshika.

"Mama, kaa hapa, usiende popote," akasema, akakimbilia chooni.

Nikakaa mbele ya kabati la vioo. Ndani yake mlikuwa na glavu kuukuu ya ngozi, kofia, na kinyago cha nyaya cha kukinga uso. Maandishi sikuyaelewa, mimi niliishia darasa la tatu.

Mzungu mwenye suti nyeusi akaketi kando yangu.

"Shikamoo, mama. Habari za Voi?"

Kisha akageukia Kitaita, kama mtu wa kwetu kabisa! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu akikuuliza habari za nyumbani, si unajibu? Akauliza mvua, nikamweleza. Akauliza mahindi, ng'ombe, majirani. Mwisho akauliza, "Na binti yako, anaumwa?"

"Aa, ni mimba tu, baba. Ya tatu hii, tunaomba Mungu ishike."

Niaminini, yalinitoka kabla sijajizuia. Akanishukuru, akaondoka. Sakafu ilikuwa ya mawe, lakini viatu vyake havikulia.

Nikainua macho, nikaona picha ndani ya kabati. Uso uleule, suti ileile. Neema aliporudi nikamuuliza ni nani.

"Huyu? Alicheza besiboli Marekani. Vita vilipokuja akafanywa jasusi, maana alijua lugha nyingi. Alishakufa zamani, mama."

Nikamwambia twende nyumbani. Niliona haya, na hofu.

Wiki iliyofuata Neema akarudi kutoka kazini. "Mama, ulimwambia nani? Mzungu amesimama mlango wa wodi, ananiuliza kwa Kitaita, 'Ya tatu imeshika?'"

Nikamweleza yote.

"Wewe, mama! Wewe uliyenikataza hata mchungaji!"

Miezi yote iliyobaki sikulala usingizi wa maana.

Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe. Lakini jino lake la kwanza lilipotoka, simu ya Neema ililia, haina namba, na sauti ile ikatupongeza. Hata baba wa mtoto alikuwa hajajua. Mtoto aliposimama, vilevile. Alipotembea, vilevile.

Mwogopeni mgeni anayewajua kupita kiasi. Nami nimeamuru nyumbani kwangu: ukiulizwa habari za nyumbani, sema "njema", ufunge mdomo. Atakayeongeza neno la pili atafute pengine pa kulala.