Vibao Nilivyofunga Kwenye Milango

Namshukuru Mungu aliyenihifadhia macho na mikono hadi uzee huu. Sifa ni zake. Aibu ninayoisimulia ni yangu.

Nilipewa kazi ya kuchora na kufunga vibao katika jengo jipya la ofisi za serikali, huku kwetu Karagwe. Jengo lilikuwa bado tupu na milango yote imefungwa. Nilipima kila mlango, nikafunga kibao katikati kwa skrubu nne, herufi nyeupe juu ya bluu. Nilirudi nyuma hatua kumi nikatazama, nikaona ni kazi nzuri.

Siku ofisi zilipoanza kuhudumia watu, nilivaa koti la Jumapili nikasimama ukumbini. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta sifa. Mama mmoja kutoka kijiji cha Rugera, mjane wa rika langu, alipita mara mbili na mfuko wa karatasi zake, kisha akanijia.

"Baba, namtafuta afisa ardhi. Leo anakwenda kupima mpaka wangu na shemeji, nataka anisikilize kabla hajatoka."

Sikugeuza hata shingo. "Mama, vibao vyote hivi huvioni? Soma!"

Kijana wa bodaboda akacheka. "Bibi, shule ulikwenda kuchota maji?"

Mama aligeuka. Akaenda kukaa kwenye benchi.

Saa nane nilimkuta palepale. Afisa alikuwa ameshaondoka.

"Kusoma najua, baba," alisema taratibu. "Biblia naisoma tangu kipaimara. Hapa nimeona milango tu. Kibao nimekiona kimoja, cha stoo."

Niliinua macho. Milango yote ilikuwa wazi, isipokuwa wa stoo. Vibao vyangu vilikuwa vimeingia ndani pamoja na milango. Aliyeweza kuvisoma ni afisa aliyekaa mezani. Nilipaswa kulijua hilo mapema, maana nimezaliwa huku, ambako mlango ukifungwa mchana jirani hugeuza njia, akijua hakuna mtu. Nani angehudumia watu akiwa amejifungia?

Na mimi ni mzee wa kanisa; ndimi ninayewasomea wengine neno kuhusu wajane.

Kesho yake nilimngoja afisa mlangoni, nikamweleza kosa langu lote. Jana yake alikuwa amemsikiliza shemeji peke yake. Alikubali kurudi shambani kabla ya kuweka mawe ya mpaka. Kisha nikafungua skrubu zote, nikahamishia vibao ukutani, kando ya milango.

Mama alipokuja tena nilimwomba radhi mbele ya watu. Alisimama chini ya kibao akakisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Ofisi ya Ardhi." Kisha akanigeukia: "Nimefaulu, mwalimu?"

Watu walicheka, naye akacheka. Mimi nilitazama matundu manne yaliyobaki mlangoni. Nimeyaziba na kuyapaka rangi, lakini nikipita hapo bado nayaona.

Wewe unayesoma, Bwana akufungulie mlango unaoutafuta, na akukutanishe na mtu atakayekujibu kwa upole.