Pamba Ndani ya Kengele

Mimi si msemaji. Hata mwalimu akiniuliza jambo darasani humjibu nikitazama kidole gumba cha mguu. Lakini watu wanauliza nilivyopona, na kuandika naweza.

Kabla ya kuumia nilikuwa na furaha moja, baiskeli ya mjomba Salehe, karani wa akida hapa Mazingara. Nilipokuja likizo aliniachia niiendeshe. Niliipenda kwa sababu ukiwa juu yake hakuna anayekusimamisha kukuuliza habari za masomo. Taabu ilikuwa kengele. Amri ya boma ilisomwa barazani: mwenye baiskeli apige kengele akikaribia watu, na kwenye mteremko ashuke aikokote. Asiyetii, kiboko. Mimi niliona kumpigia mzee kengele ni kumswaga kama mbuzi, tena ukipiga wote wanageuka kukutazama. Nikaijaza pamba ili isilie hata kwenye mawe.

Asubuhi moja niliteremka kuelekea kijitoni, sikushuka. Mbele yangu, katikati ya njia, alikuwa Bibi Mnyamisi na mzigo wa kuni. Anaishi peke yake, anajua mizizi, na watoto hawapiti uani kwake. Nilidhani atasikia magurudumu. Hakusikia. Nilikata kona, nikaruka mtaroni.

Nilipofumbua macho, mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali pasipo na kiungo. Yule bibi hakuja kwangu. Alikwenda kwanza kwenye baiskeli, akaiinamia, mkono wake ukafanya kitu nisichokiona. Ndipo akaja, akanishika kichwa.

Mjomba alifika na askari. Askari akabonyeza kengele. Ikalia vizuri kabisa. Akasema basi kosa ni la kikongwe, amepigiwa kengele asipishe. Bibi alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, nikijiuliza pamba yangu iko wapi. Ilikuwa na jasho la vidole vyangu, na kwetu tunajua jasho la mtu linaweza kufanyiwa nini.

Mguu ulivimba ukang'aa kama buyu la maji. Nilikojolea kibuyuni, mama akishika. Mpaka siku ya tatu vidole vilikuwa vyeusi. Mganga wa boma alikuja, akavibonyeza, akasema nibebwe kwa machela hadi hospitali ya Korogwe, huenda wakaukata. Akatoka kutafuta wapagazi.

Mama akasema mwenye mikono ya kuunga mifupa ni Bibi Mnyamisi.

"Huyo hapana," nikamwambia. "Anataka kunimaliza."

"Kakukosea nini?"

Mama akaenda kumwita.

Bibi aliingia na kuku mweupe na vipande vya mwanzi. Alimvunja kuku mguu mbele yangu, akaufunga. Nikajua ndiyo hiyo, anavunja na roho yangu. Mama alieleza kwamba ndivyo wanavyofanya: kuku akitembea, mgonjwa naye atasimama. Sikuamini. Nilikuwa natazama pindo la kaniki yake, lililofungwa fundo dogo.

"Bibi," nikasema, "humo kuna nini?"

Akalifungua. Ilikuwa pamba.

"Niliitoa kabla askari hajafika," alisema. "Kiboko na mguu uliovunjika havikai mwili mmoja, mjukuu wangu. Sasa uma kitambaa hiki."

Akavuta. Nilisikia mfupa ukirudi, nikajikojolea. Jioni vidole vilianza kupata joto, na wapagazi walipokuja mama aliwarudisha.

Kuku alitembea kabla yangu, akanitia wivu. Nami nikasimama, nikishikilia nguzo ya nyumba. Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi kuliko ya pili, kwa kuwa ya pili ilinipeleka kwa mjomba kumwambia habari ya pamba. Alininyang'anya baiskeli mpaka likizo nyingine, lakini alikwenda barazani akamsafisha bibi mbele ya watu, na mimi nimesimama pale wote wakinitazama. Sikufa.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama, na zaidi huyu bibi niliyemwacha abebe kosa langu. Wewe mwenye baiskeli, mlimani shuka. Kengele si matusi. Ipige ungali mbali, ukifika teremka, usalimie.

Likizo hii nimerudishiwa baiskeli, na jana nilifanya hivyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema, hakugeuka hata shingo. "Naona leo punda wako ana sauti."