Filimbi ya Baba Uwanjani
Siku hizi uwanja wetu wa ndege hapa Songea una lami na uzio, na ukimsindikiza mtu unaishia getini. Ni vizuri, sikatai. Lakini mimi naukumbuka ule wa vumbi, tuliokuwa tukiukatiza kurudi nyumbani Mfaranyaki na kuni kichwani, na moyo wangu unautamani.

Baba alikuwa mfanyakazi pale, na kazi yake ilikuwa filimbi. Ndege ikikaribia, alipanda baiskeli akapita njia yote ya kurukia, akifukuza mbuzi, ng'ombe na watu kwa ukali uleule. Kazini hakuwa na ndugu. Hata shangazi yake alishapuliziwa filimbi akiwa na ndoo kichwani.

Ndege za abiria zilisimama karibu na jengo, na tuliruhusiwa kushikana mikono na wasafiri mpaka chini ya ngazi. Za jeshi zilisimama mwisho kabisa wa uwanja, na raia hakutakiwa kuzisogelea.

Mwaka mmoja kaka yangu, askari, alipata safari ya kulinda amani ng'ambo. Akatuma ujumbe kwamba ndege yao itashuka Songea kuchukua wenzao na haitakaa. Mama hakuwa amemwona tangu aende mafunzoni. Alikaanga karanga, akajaza kikapu, akanivuta tukasimama pale pale tulipozoea kuagia watu, karibu na jengo. Akili yote ilikuwa kwa mtoto, akasahau kwamba hii ni ndege ya jeshi. Baba alijua, akapanda baiskeli yake kwenda kufukuza mbuzi. Nyumbani alikuwa ameshasema askari haliliwi.

Ndege ikatua, ikatupita, ikaenda kusimama kule mwisho. Mama aliguna tu. Kisha akakaza khanga kiunoni, akaingia kwenye njia ya ndege na kuanza kukimbia katikati yake, kikapu mkononi.

Filimbi ikalia. Mama hakugeuka. Baba akamfukuza kwa baiskeli, "Wewe mama! Toka njiani! Toka!" Nilijua atamrudisha, maana sikuwahi kumwona akimwachia mtu. Alipomfikia alishuka, akamnyang'anya kikapu, akakitundika kwenye usukani.

"Haya, panda."

Mama akapanda nyuma. Baba akaendesha huku akipuliza filimbi kama kawaida, mimi nikiwakimbilia. Askari mlinzi akaisikia, akatupisha, nadhani alifikiri ni kazi.

Kaka alikuwa ameshuka kututafuta, na sasa ameshakanyaga ngazi kurudi ndani. Akashuka, "Shikamoo mama," akainamisha kichwa. Mama akamshika mkono, akampa karanga, akamsihi asiwe mkaidi huko aendako. Kisha akamwachia, akasogea pembeni akijifuta macho.

Baba naye akanyoosha mkono. Akaushika wa mwanawe. Injini zikanguruma, vumbi likatufunika, wenzake kaka wote wakawa wameshaingia. Afisa mmoja akaja, akamgusa baba begani taratibu.

"Mzee, mwachie kijana. Tunaondoka."