Dirisha la Kona, Ghorofa ya Tatu

Fundi madirisha wa jengo lile kuukuu akipanda ngazi hupumzika palepale, ghorofa ya tatu, akahema na kulitazama dirisha la kona kama mtu aliyekosana na jirani. Ujanani alilipachika kichwa chini miguu juu, vijibao vyake vya kukinga mvua vikainamia ndani na kuingiza maji, na tangu hapo mvua ikitaka kunyesha yeye hupeleka ndoo kimyakimya kabla hajaulizwa. Kulirekebisha ikawa kesho, kesho, mpaka likaja tangazo kwamba jengo litabomolewa Jumatatu. Ijumaa akachukua bisibisi, akajikongoja kupanda, jengo lisije likaanguka na aibu yake.

Mpwa wake, karani wa ghorofa hiyo, akamwita. "Mjomba, njoo uone! Jengo letu limo kwenye mchezo wa simu wa kujenga miji." Fundi akaisogeza simu karibu na pua. Paa lile lile jekundu, ngazi zile zile. Akahesabu madirisha kwa ukucha wake uliopasuka, akafika la kona. Vijibao vilikuwa vimeinamia ndani.

"Na hili wamelichora?"

"Walipiga picha, wakachora kila kitu. Anayelijenga popote duniani analipata hivyo hivyo."

"Loo, wameniumbua!"

"Nani anajua ni wewe? Mimi nilidhani ndivyo lilivyo."

Akaguna. "Na humo mvua hunyesha?"

"Hunyesha, mjomba."

"Maskini. Nani atawapelekea ndoo?"

Akairudisha bisibisi mfukoni taratibu. Nje mawingu yalikuwa yametanda, basi akashuka, ngazi moja moja, kwenda kuleta ndoo.