Jiko Lisilo na Moto

Severina hakuwa mtu wa kulilia vyombo. Sufuria ikitoboka, alipanda vitunguu ndani yake na maisha yakaendelea. Lakini Julai ile, jiko la umeme lilipolia pii, pii, kisha likazima uji ukiwa bado haujachemka, aliketi sakafuni na kuogopa.

Lilikuwa jiko bapa, lenye kioo juu. Binti yake Yunisi, anayeuza mitumba Mbeya, alilituma kwa basi mara tu daktari aliposema moshi ukome kabisa ndani ya ile nyumba. Amos, mume wa Severina, alipasua mbao tangu ujana, na vumbi lake lilikuwa limemmaliza mapafu. "Mkimchomea kuni, mnamzika," daktari alisema, bila kupepesa macho. Siku hiyohiyo Severina akabomoa mafiga. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Amos hakuulizwa hata moto.

Sasa jiko limegoma. Alibadilisha soketi, akabadilisha sufuria. Jirani akamhakikishia kwamba umeme wa Kilolo hauna nguvu ya kupikia, jirani ambaye huo umeme wenyewe kwake haujafika. Jiko liliwaka kidogo, likaandika E kwenye kioo, likalia, likazima tena. Basi akalifunga mgongoni kwa kanga, akaenda nalo sokoni kwa fundi Gwakisa.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Mtoto kaugua nini leo?"

Severina hakuwa na hamu ya utani. Gwakisa akalichomeka jiko, akainamisha sikio.

"Unasikia chochote?"

"Sisikii."

"Ndo ugonjwa wake huo. Feni haizunguki. Inavuta hewa ya baridi hapa chini, inatoa joto huku nyuma. Ikikwama, jiko linajizima lisije likaungua."

Alifungua skrubu, akaingiza kibano kwenye feni, akavuta. Likatoka bonge la manyoya, ya bluu na kijivu, yaliyojisokota kama uzi.

"Mama, hili jiko mnalifunika blanketi?"

Severina akacheka. Nani anafunika jiko blanketi? Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, maana manyoya yale aliyajua. Yalikuwa ya blanketi la Amos.

Gwakisa alisafisha kwa brashi, akadondosha mafuta ya cherehani, akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka. Maji yakachemka palepale mezani pake. "Limepona," alisema. "Ila nguo isilisogelee."

Njia nzima ya kurudi Severina alikuwa akijumlisha mambo. Kila akienda shambani, aliacha maharage jikoni yachemke taratibu, na akirudi alimkuta Amos ameketi palepale. Alidhani mzee anachunga maharage yasiungue, hata alimsifu. Kumbe alikuwa amelizungushia jiko blanketi lake, akiota ule uvuguvugu unaotoka nyuma. Kilolo mwezi Julai ukungu haunyanyuki upesi, na mwanamume aliyekulia kando ya moto, akaposa kando ya moto, leo anaota feni! Severina aliona aibu mpaka machozi yakamtoka barabarani.

Alimkuta kitandani, amejikunyata.

"Baba Yunisi, mbona hukuniambia unaumwa na baridi?"

"Nikwambie nini? Ungeniongezea sweta." Amos alitulia kutafuta pumzi. "Na si baridi peke yake. Zamani ulikuwa unapika, watu wanakuja, tunaota moto, tunaongea. Sasa chakula kinaiva, kila mtu anaondoka na sahani yake. Niwashie moto, mama Yunisi."

"Daktari amesema..."

"Daktari halali humu."

Hasira zikampanda Severina. Yeye anahangaika mpaka mgongo unapinda, mwenzake anaomba kufa mchana kweupe! Alitaka kumwambia hivyo hivyo. Ila aliziona kucha zake, zimekuwa za bluu, na mikono imefichwa kwapani kama ya mtu aliyekwisha kuzoea kutolalamika.

Akatoka nje. Akakusanya vijiti vikavu vya miti ya miwati, akaviwasha ndani ya karai, akaliingiza jikoni na kuacha mlango wazi. Kisha akamshika Amos mkono, wakaenda pole pole mpaka kwenye kigoda.

Amos alinyoosha mikono juu ya moto. Uso wake ukalegea, akaanza kusimulia habari za gogo moja lililowahi kuwashinda kule msituni, habari ambayo Severina aliijua tangu uchumba. Hakuimaliza. Kikohozi kilimkamata, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti.

Severina akarukia karai alitoe nje. Mkono wa Amos ukamshika kifundo cha mkono, dhaifu, lakini haukuachia.

"Acha," alisema, pumzi ilipomrudia. "Kaa."

Severina akakaa. Moto ulikuwa unafifia. Alimtazama mumewe, akaokota kijiti kimoja, akakiongeza huku akilia.