Siku Tuliyompa Pole Mama wa Sayari

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ukumbi wa video wa mtaani Huruma umejaa hadi watu wamekalia kreti za soda, nami nimeshika maikrofoni. Cheka utakavyo; nyanya yako alikuwa DJ. Si wa muziki. Filamu ikija kwa lugha ya wageni, mimi ndiye niliyekaa kando ya televisheni kuwaambia watu kwa Kiswahili yanayosemwa, na pale nisipoelewa nilitia changu. Ulimi hauna mfupa, na wangu hata gegedu haukuwa nalo.

Filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Wakelu, viumbe wa sayari ya mbali, warefu, ngozi ya kijivu, masikio yanawaning'inia mpaka mabegani. Walisema Kikelu, lugha isiyo na kabila wala kijiji. Mtu fulani huko ng'ambo aliketi akaizua neno kwa neno. Sisi hilo hatukulijua. Tulidhani wanabwata tu, basi nami nikabwata juu yao. Mama wa Kikelu akilia, nilisema analia kwa sababu unga umepanda bei, na watu walivunjika mbavu.

Sasa, kwenye ploti yetu, vile vyumba vya kupanga vya ua mmoja, aliishi mama mmoja wa Kisomali, muuza vitambaa sokoni Gikomba. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja. Tulimwita Mama Faiza kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha alipohamia. Faiza mwenyewe hatukumwona, tukasema labda ameolewa mbali. Mama huyu aliitikia salamu, basi, hakuongeza neno. Hilo tungemsamehe. Lakini kwetu mtu akifiwa, ploti nzima huenda kuketi naye matangani, hata kama mlikosana juzi kwa ajili ya kamba ya nguo. Mama Faiza hakwenda kwa yeyote. Jirani akafiwa na mume, mwingine akafiwa na mtoto, yeye kafunga mlango wake. Wanawake wakakata shauri: mwisho wa mwezi tumwendee mwenye ploti, mama huyu ahamishwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi tulijiona tunajua kila kitu.

Jumapili hiyo nilikuwa nimesahau ufunguo kwenye kufuli la mlango wangu. Mama Faiza akauona, akaniletea mpaka ukumbini. Alipoingia, mama wa Kikelu alikuwa akitembea katika mji uliochomwa, anaita. Nami nimefungua kinywa nitie mzaha wangu wa unga. Mama Faiza akapita katikati ya kreti, akaweka kiganja chake juu ya maikrofoni.

"Wacha," akasema. "Wacha aseme yeye mwenyewe."

"Mama, hayo si maneno. Ni kelele tu."

"Huyu anaita mtoto wake. Wewe unaleta mchezo?"

Nyuma mtu akapaza sauti, "Oya DJ, umelala? Tuchekeshe bana!"

Sikuweza. Niliweka maikrofoni mapajani, na kwa mara ya kwanza ukumbi ule ukasikia Kikelu kitupu. Elu sarai, alisema yule mama. Elu sarai, mo sarai. Akarudia, akageukia mlango mwingine ulioungua, akarudia tena.

Kisha mtu mmoja wa mkokoteni, jitu la miraba minne, akavua kofia. "Pole, mathe," akaiambia televisheni.

Mwingine akafuata. "Pole sana, mama." Na mwingine, "Mungu akutie nguvu." Watu wazima, wamekula vumbi la viwandani juma zima, wanampa pole mama wa mpira uliopakwa rangi! Nilingoja mmoja acheke ili na mimi nicheke, lakini wapi.

Ndipo niliposikia sauti chini yangu. Mama Faiza alikuwa amekaa sakafuni, na kila pole iliyotolewa aliiitikia yeye. "Asante," alisema. "Asante."

Nikamzimia televisheni, nikainama. Akaniambia, na wote wanasikia: "Faiza alikuwa mdogo. Tulikuwa tunakimbia, watu ni wengi, mkono wake ukaniponyoka. Sijui hata kama ana kaburi. Nitakaa aje kwa matanga ya watu, na yangu hayajaanza?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jioni hiyohiyo wale wanawake waliotaka ahamishwe walibisha mlangoni kwake na sukari, majani ya chai na mikeka. Sheikh akaja kusoma dua. Kina mama wa kanisa wakaimba kwa sauti ya chini. Hapakuwa na jeneza. Tuliketi tu naye, naye akatuambia Faiza alipenda nini, alichekaje, alikuwa mkaidi kiasi gani. Hakuhama. Na tangu siku hiyo mtu akifiwa pale, Mama Faiza ndiye alikuwa wa kwanza kufika.

Juzi nikakukuta na simu yako unajifunza Kikelu, mama yako anagomba kwamba hata Kibukusu chetu hukijui. Nikakuomba unitafutie ile sehemu ya mji uliochomwa. Ukasikiliza, ukasema, "Nyanya, anasema, 'Njoo ule, chakula kinapoa.'"

Nikakuambia urudie. Miaka yote nilidhani yalikuwa maombolezo makubwa, ya kimalkia. Kumbe aliyeizua lugha ile alijua kwamba mama aliyepoteza mtoto humwita kwa maneno ya kila siku. Nashangaa mpaka leo: lugha isiyo na mzaliwa hata mmoja, ikamfikia mama sakafuni Huruma bila kupitia kwangu.

Basi shika haya, mwanangu. Jifunze Kikelu chako, na Kibukusu pia, sitaki ugomvi na mama yako. Usiwe mwepesi kusema juu ya sauti ya mtu. Huenda unachokiita kelele ndicho kilio chake. Jirani akinyamaza, usimhukumu, maana kimya kingi kina mshindo mkubwa. Na ukikosa neno la lugha yake, sema pole, itafika.

Mola akupe sikio kabla ya ulimi. Akuepushe na msiba usio na wa kuketi nawe. Na kila utakayemwita aje kula, mwanangu, aje.