Silanga Tuliyoichimba Kabla ya Mgeni

Nikifumba macho, wiki ile huja yenyewe. Huja bila sauti kwanza, vumbi jekundu limesimama hewani, na ndani yake akina mama wanainuka na kuinama, wanainuka na kuinama, kama watu walio chini ya maji. Na maji yenyewe hayakuwako. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya huku Kola mwezi wa Oktoba, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Nisiulizwe mwaka gani. Shule niliachia darasa la tatu.

Kaunsili ilikuwa imetangaza pesa za kusaidia vikundi vya vijana. Binti yangu wa mwisho alikuwa katibu wa kikundi chao, kwa ajili ya mwandiko wake. Mwandiko huo sijui aliutoa wapi. Marehemu baba yake alikuwa mchonga vinyago, alijifunzia Wamunyu, na twiga wake wote walikuwa na shingo ya kupinda. Wanunuzi walidhani ni ufundi, kumbe jicho lake moja halikuona vizuri. Lakini nilikuwa nasema fomu. Msichana aliijaza kwa Kiingereza, akatusomea kwa Kikamba: vijana wanaomba pesa za kuchimba silanga, yaani bwawa, wakinge maji ya mvua, wapande sukuma na nyanya za kuuza.

Halafu akaniambia mimi peke yangu, jikoni, "Mwaitu, pesa ikitoka nabaki. Isipotoka, Jumatatu naenda Athi River. Binamu ameniwekea nafasi kwa kiwanda cha nguo."

Mwaitu ni mama, kwa lugha yetu. Nilikoroga uji mpaka ukashika chini.

Akateremka Machakos mjini, akalala kwa shangazi yake wiki nzima akifuatilia muhuri wa fomu. Huku nyuma chifu akatuambia kwamba Ijumaa msichana atarudi na ofisa wa kaunsili wa kuja kuona mahali.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Mgeni akute nyasi? Kwetu kazi ni ya mwethya: filimbi inalia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, leo kwako, kesho kwangu. Mahali pasipochimbwa panasema watu wake ni wavivu. Niliona aibu kabla mgeni hajafika. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikisema ofisa akiona tumeanza wenyewe ataweka sahihi haraka. Vijana wakaja na sururu, akina mama na karai vichwani. Tulikusudia kuanza tu. Lakini mwethya ukishapata wimbo, nani anausimamisha? Siku ya tano tulikuwa tumemaliza, kingo zimepigwa vizuri, na sisi wekundu kuanzia nyusi hadi vidole.

Ijumaa Landrova ikaja. Binti yangu akashuka, akaona, akashika mdomo. Sisi tukapiga vigelegele.

Ofisa akazunguka shimo polepole, mara mbili. "Nani amechimba?"

"Sisi wenyewe!"

"Kazi safi, akina mama. Lakini fomu inaomba pesa za kuchimba. Na hapa pameshachimbwa."

Jirani yangu, mdomo wake haujui likizo, akasema, "Si tulifukie basi, uje tena kesho?"

Ofisa alicheka mpaka akapangusa macho. Lakini hakuweka sahihi. Alisema ataandika alichokiona, na tukitaka pampu na mabomba tujaze fomu nyingine, ya mwaka ujao.

Gari lilipoondoka, binti yangu alishuka mpaka chini ya silanga na viatu vyake vya mjini, akakaa kwenye udongo. Nikamfuata. Huko chini kulikuwa na baridi nzuri, na anga ilikuwa duara juu yetu.

"Ungeningoja, mwaitu."

"Nilitaka ubaki."

"Najua." Akachukua udongo, akauponda kwa vidole. "Mmechimba vizuri lakini."

"Ningejua ningechimba vibaya."

Akacheka, na hapo nikajua ataenda. Angekuwa ameamua kubaki, angenigombeza.

Jumatatu nilimbebea mkoba mpaka barabarani. Akasema, "Mvua ikinyesha, niandikie maji yamefika wapi."

Mvua ilinyesha Novemba, usiku na mchana. Ilipopumua, niliingia silanga na nguo zangu zote, taratibu, mkono umeshika mti wa kupimia njia. Maji yalikuwa ya vuguvugu, rangi ya chai. Yalinipita magoti, yakapanda, yakakoma. Nilisimama pale katikati muda mrefu, sketi imefunguka kandokando yangu kama ua, sijui nilikuwa nalia au nilikuwa nafurahi.

Nyumbani nikatafuta kalamu. Herufi zilinitoa jasho. Niliandika neno moja tu, nikalituma Athi River: *Kiunoni*.